Bibi Arlys na Muswada wa Akina Mama Wafungwa

Skarland, North Dakota
12 Januari

Mjukuu wangu Janna,

Pokea salamu nyingi za bibi yako. Hujambo, na huyo aliye tumboni hajambo? Miguu bado inavimba? Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamika kila theluji ikiongezeka, na wiki hii imefika kwenye dirisha la jikoni.

Nina jambo, na sijui kulipanga, kwa hiyo nitalisema tu lilivyo. Jumapili alikuja usharikani mwanamke kutoka Bismarck, Thora Wentz, wa ofisi ya utetezi ya Walutheri. Kazi yake ni kushinda bungeni wakati wa kikao, akizungumza na wabunge wa jimbo juu ya sheria zinazowagusa wenye njaa, wagonjwa na wafungwa. Miaka yote hii sikujua tuna mtu wa namna hiyo. Nilidhani mchango wetu kwa haki duniani ni kuoka keki.

Tukiwa kwenye kahawa chini ya kanisa, akatueleza kuna muswada. Mama akijifungua akiwa kifungoni, na kosa lake si la kuumiza mtu, asinyang'anywe mtoto baada ya siku mbili kama ilivyo sasa. Ahamishiwe kwenye nyumba ya uangalizi mjini, akae na mwanawe hadi mwaka mmoja.

Janna, nilijimwagia kahawa kwenye sketi. Thora aliuliza kama kuna anayemjua mtu ambaye sheria hiyo ingemgusa. Sikunyoosha mkono. Lakini nilimfuata hadi kwenye gari lake bila koti, kwenye baridi ile, nikamnong'oneza. Anataka nikatoe ushahidi mbele ya kamati. Mimi, ambaye kusoma somo la Jumapili tu natetemeka.

Unajua bunge letu hukutana mara moja kila miaka miwili. Wakifunga mwezi wa tano bila kuupitisha, basi tena, mpaka mwanao awe anakimbia na kujibizana na watu. Niambie kama unaniruhusu kutaja jina lako.

Nakupenda,
Bibi Arlys

*

Gerezani
20 Januari

Bibi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na goti lako nalipa pole. Miguu imevimba lakini mtoto yuko vizuri. Tukipangwa mstari kuhesabiwa ndipo anapoanza mateke, utadhani na yeye anataka ahesabiwe.

Barua yako nimeisoma mara nne, mara ya tano kwa sauti, kwa sababu wenzangu walinizunguka. Wendeline, ninayelala naye chumba kimoja, alijifungua mwaka jana. Alimshika mwanawe zile siku mbili tu hospitalini, akarudishwa hapa. Anasema maziwa yalikuja siku ya tatu. Hakukuwa na wa kuyanyonya, akawa anajifunga kifua kwa taulo. Aliposikia wewe unakwenda bungeni, alikaa chini sakafuni akacheka huku analia. Amesema niandike kwamba ukitaka kulisema hilo la taulo, liseme, na jina lake ulitaje.

Nenda, Bibi. Nitaje. Nimefurahi mpaka nashindwa kukaa.

Ila nina swali. Kwa nini ulimfuata Thora kwenye gari? Kwa nini ulinong'ona? Watu wa Skarland wanadhani mimi niko wapi?

Mjukuu wako,
Janna

*

Skarland
29 Januari

Mjukuu wangu,

Salamu. Sisi wazima. Natumaini na wewe.

Umeniuliza na nitakujibu. Wanadhani unafanya kazi hotelini Rapid City. Ulipohukumiwa mwezi wa kumi, Marlys wa usharikani aliniuliza dukani mbona huonekani, neno likanitoka. Baada ya hapo ilibidi niendelee kulilisha. Mwezi wa kumi na mbili nilisema umepandishwa cheo. Marlys alikupongeza.

Ndiyo maana sijaja kukutazama. Gereza liko mwendo wa saa mbili na nusu, na nilikwambia ni theluji. Si theluji. Niliogopa mtu aone gari langu limeegeshwa pale.

Nisamehe.
Bibi

*

Skarland
25 Februari

Janna, mjukuu wangu,

Salamu za mara ya pili, maana za barua iliyopita hukuzijibu. Sikulaumu. Kila siku naenda kwenye sanduku la barua nikiwa na koleo la theluji, nikijidai nimekwenda kufanya usafi.

Kuna mawili. La kwanza, Baraza la Wawakilishi limeupitisha muswada, kwa tofauti ya kura tano. Thora alinipigia simu sauti imekauka kwa furaha. Sasa unakwenda Seneti, na kamati itasikiliza ushahidi tarehe 18 Machi.

La pili ni hili. Jumapili iliyopita, Mchungaji Corinne alipouliza kama kuna mahitaji ya kuombewa, nilisimama. Nikashika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Nikasema mjukuu wangu Janna hayuko Rapid City na hajawahi kuwa huko. Yuko gerezani kwa sababu alimwendeshea mwanamume gari lenye vidonge, ana mimba, na mimi nimewadanganya ninyi nyote tangu mwezi wa kumi kwa sababu ya kuona haya. Nikakaa.

Kisha Marlys akaja, akakaa kando yangu, ingawa tangu aolewe hajakaa upande ule wa kanisa. Alisema, "Nilijua, Arlys. Binamu yangu ni karani mahakamani. Nilikuwa nasubiri uchoke."

Nimechoka, Janna. Kama hutaki nikutaje tena, sitakutaja. Ila Bismarck nitakwenda hata hivyo.

Bibi yako

*

Gerezani
4 Machi

Bibi,

Salamu. Mimi mzima, mtoto mzima.

Nilikasirika sana. Wiki nne sikuweza kuandika bila kuchana karatasi. Kupandishwa cheo ndiko kulikoniuma zaidi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu, japo ni wa kutungwa, Janna huyo alikupendeza kuliko mimi.

Lakini umesimama kanisani ukasema. Nakujua, Bibi. Najua ilivyokuwa kwako.

Nitaje kwa jina langu lote.

Janna

*

Skarland
20 Machi

Mjukuu wangu mpendwa,

Salamu moto moto. Goti zima, moyo unaruka, sijalala vizuri tangu juzi. Kaa nikusimulie.

Tulikwenda saba kwa gari la kanisa. Thora alinipokea mlangoni, akanipa maji, akaniambia nina dakika tatu na nisiwatazame wanaochezea simu. Nilikuwa na karatasi yangu lakini miwani iliingia ukungu kwa lile joto la ndani, nikaiweka chini. Nikasema tu. Nikawaambia mimi ni nani, na wewe ni nani, jina lako lote, na habari ya Wendeline na taulo. Seneta mmoja aliyekuwa anaandika akaacha kuandika.

Halafu akauliza Seneta Vernell Haugsrud, huyu wetu wa wilaya. Alisema ananiheshimu, lakini je, si tunawapa wakosaji zawadi?

Nikamjibu, "Seneta, mjukuu wangu alipewa miaka mitatu, na sikuja kuipunguza hata siku moja. Lakini mtoto hajahukumiwa na hakimu yeyote. Nauliza ni nani amempa yeye adhabu."

Mwenyekiti akasema muda wangu umekwisha. Nilitoka nje. Thora alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka.

Sasa habari mbaya, na usiisome ukiwa umesimama. Kamati imependekeza ukataliwe, wanne kwa watatu. Haugsrud alikuwa kati ya wale wanne. Nikalia kwenye gari. Thora akaniambia nisilie bado, kwa sababu katika jimbo letu kila muswada lazima upigiwe kura na Seneti nzima, hata kamati iseme nini. Tuna wiki mbili na nusu. Marlys ameshaleta daftari la simu la usharika.

Naja kukuona Jumamosi. Nitaegesha mbele kabisa.

Bibi yako

*

Skarland
9 Aprili

Janna wangu,

Kukuona kulinishibisha. Tumbo lako kubwa kuliko nilivyodhani.

Umepita. Naandika tena ili niuone: umepita.

Ngoja nianze mwanzo. Wiki mbili hizo tulipiga simu kama watu walioona moto. Thora alitupa majina ya maseneta ambao hawajaamua, sharika nyingine zikagawana. Marlys alimshika Haugsrud. Alipiga ofisini kwake kila asubuhi, mpaka karani akawa anamwuliza habari za paka wake.

Jana tulijaza basi zima. Tulikaa kule juu kwenye viti vya wageni, tumebana sandwichi zetu za mayai kwenye mifuko kwa kuwa hairuhusiwi kula. Wawili walisimama kuupinga. Kisha akasimama Haugsrud, nikafumba macho. Alisema katika kamati alipiga kura ya hapana, na tangu hapo amesikia kutoka kwa wapiga kura sitini na mmoja, ambao wote wanaonekana kumjua mama yake. Watu wakacheka. Halafu akaacha utani, akasema, "Niliulizwa swali na mama mmoja wa wilayani kwangu. Nimelitafutia jibu wiki tatu. Sina."

Wakapiga kura. Kule juu ukutani kuna ubao wenye majina yao yote, kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Taa zikawaka pamoja, na mimi kuhesabu sikuweza. Marlys ndiye aliyehesabu kwa kidole. Ishirini na nne kijani, ishirini na tatu nyekundu. Jina la Haugsrud lilikuwa kijani. Mchungaji Corinne alisahau kwamba kupiga makofi kumekatazwa.

Sasa nikwambie na lililobaki, maana nimeapa kutokuficha kitu. Ili sheria ianze mara moja zilihitajika theluthi mbili za kura. Hatukuzipata. Gavana akitia saini, itaanza tarehe mosi Agosti, na wewe utajifungua Mei.

Mtoto nitamchukua mimi. Nitakaa naye mpaka siku hiyo.

Bibi

*

Gerezani
12 Mei

Bibi mpendwa,

Sasa wewe ndiye uliye naye, kwa hiyo wewe ndiye wa kuniambia. Analala vipi? Bado anakunja lile sikio la kulia?

Nakushukuru ulivyokuja mwenyewe pale hospitalini. Askari aliyekuwa mlangoni alisema amewaona wengi wakitolewa, lakini hajaona bibi aliyevaa nguo ya kanisani akija kupokea mtoto.

Maziwa yamekuja leo asubuhi. Wendeline amenifunga taulo, anajua jinsi ya kulikaza. Tulipomaliza akaniambia kutoka leo mpaka Agosti ni siku themanini na moja, na kwamba yeye hakuwa na siku ya kuhesabia. Basi tunahesabu wote, hata wasio na watoto. Ombi langu limeshapelekwa. Ofisa aliyelipokea alisema mimi ndiye wa kwanza kuleta fomu hiyo, na ilibidi akaulizie ikoje.

Mbusu mwanangu Ragna.

Janna

*

Skarland
22 Julai

Mama Ragna,

Salamu. Sisi wazima sana. Anacheka sasa, hasa Marlys akipiga chafya. Sikio limenyooka lenyewe. Usharika umegawana zamu, kila siku kuna mtu jikoni kwangu na supu, mpaka nimeanza kujificha.

Thora amepiga simu. Ombi lako limekubaliwa. Tarehe 12 Agosti unahamia ile nyumba ya Bismarck, na mimi na Mchungaji tutamleta Ragna saa nne asubuhi.

Nakiri jambo moja: nitaona uchungu kumtoa mikononi. Lakini nitamtoa.

Bibi

*

Bismarck
19 Agosti

Bibi mpendwa,

Nakuamkia. Huku ni wazima wote wawili, na chumba kina dirisha linalofunguka.

Nataka ujue yalivyokwenda baada ya ninyi kuondoka, maana uliondoka upesi bila kugeuka na najua sababu. Hakunitambua, Bibi. Siku tatu alilia. Nikimbeba alijinyoosha kama ubao, akitazama mlango uliotokea wewe. Nilimwimbia, nikambadilisha nepi, nikamwambia jina langu. Dada wa zamu wa nyumba hii alisema nivumilie. Nilijisemea moyoni kwamba sheria imekuja kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine.

Siku ya nne akalala kifuani kwangu kidogo. Siku ya tano akanikamata nywele, akavuta.

Leo mchana nilimwacha sebuleni kwenye mkeka na wenzangu, nikaenda kuanua nguo. Sijafika kwenye kamba nikasikia analia. Nikaacha kila kitu nikarudi mbio, nikidhani ameumia. Hajaumia. Aliponiona mlangoni alinyamaza, akanyoosha mikono.

Alikuwa ananililia mimi.

Mjukuu wako,
Mama Ragna