Mikanda Mirefu ya Kozi

Observatory, Johannesburg

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu umepoa? Ile dawa ya kuchua usiiache katikati kama ulivyozoea. Mimi mwili mzima, ila nina hasira hata chai sijaigusa.

Najua unavyonicheka kwamba nimevuka nchi zote hizi kuja kulea mwewe. Ni kozi, mama, ndege wa kuwindia, si mwewe wa kuiba vifaranga vyako. Huyu jike nimemfundisha mwenyewe, tangu alipokuwa akiniparua mikono mpaka akawa anakuja nikimpigia filimbi.

Jumamosi tajiri wangu alifanya sherehe ya mambo ya kale ya Ulaya, wageni wote majoho. Akatangaza kwenye spika kwamba enzi hizo kuwinda kwa kozi ulikuwa mchezo wa wakubwa, kila mtu na ndege wa cheo chake: mfalme na wake, bibi wa kasri na wake. Yeye akavaa taji, eti mfalme; mimi nikavishwa gunia, eti mtumishi. Sawa, kazi ni kazi. Lakini akaja na mikanda mipya ya kumfunga kozi miguuni, mirefu, imetiwa nyuzi za dhahabu. Mama, mikanda mirefu ni ya kumfungia ndege akiwa ametulia. Akirushwa lazima uivue, la sivyo itanasa mtini afe akining'inia. Nikamwambia tajiri hivyo hivyo, mbele za watu.

"Mfalme harushi ndege aliye uchi," akanijibu. Wageni wakacheka.

Papa Ilunga, Mkongo ninayefanya naye kazi, akaninong'oneza, "Eish, dada, acha tu. Patron haskiake mutu." Yaani tajiri hamsikii mtu.

Tajiri akamrusha na mikanda yake. Kozi akatua juu ya mkalitusi, alipotaka kuruka tena mikanda ikajisokota tawini, akabaki kichwa chini akipigapiga mabawa. Na wale watu wakapiga makofi! Walidhani ndio mchezo wenyewe. Niliwatukana kwa Kiswahili, Mungu anisamehe.

Nikapanda na gunia langu, nikaikata mikanda kwa kisu cha nyama. Kozi akakimbilia kwenye miamba ya mlimani. Tajiri kitu alichouliza ni mikanda yake! Jana akanipigia simu: ndege ananisikia mimi tu, basi nikamwite, nisiporudi naye nisionekane tena kazini.

Nisalimie shangazi, yule wa maandazi, na mjomba muadhini, mwambie sala siachi. Mdogo wangu fundi cherehani mwambie gauni lilinitosha.

Mama, nimetoka mlimani sasa hivi. Nimemwona juu ya mwamba, amekamata njiwa mwenyewe, anamla polepole bila mkanda wala mfalme. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu. Sikuipuliza. Kuanzia kesho natafuta kazi nyingine.

Mwanao,
Mwanaidi