Neno Nililomwachia Mama

Njombe, Jumapili

Mke wangu Mama Salma,

Assalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vyema, na Salma kikohozi kimempungua. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu, makoti mawili inayapenya. Korosho zikianza kudondoka usiziinamie peke yako.

Juzi uliponipigia ukaniuliza, "Baba Salma, unaniruhusu niende Lindi nikapimwe?" nilikujibu nenda, nikakata simu kama mwenye haraka. Sikuwa na haraka. Niliona aibu. Damu inakutoka mwezi wa pili huu, nesi wa Rutamba amekuandikia rufaa, nawe bado unangoja kauli ya mtu aliye Njombe.

Kuna jambo sijakwambia. Siku uchungu ulipokushika, mama yangu alinipigia kutwa asinipate. Nilikuwa milimani na gari la wagonjwa, kusikokuwa na mtandao, nimemfuata mjamzito. Mume wake alikuwa shambani, na mkwewe anakataa asiondoke mpaka mume arudi. Nilimkaripia yule bibi: "Mama, mtoto hangoji ruhusa." Nikampakia mgonjwa, akajifungua salama. Nilikuwa narudi nikijisifu moyoni, mtandao ukashika, simu ikaniletea habari ya msiba wa mwanetu.

Mama hakufanya ila nililomwagiza. Siku naondoka nilimwita kando ya jiko nikamwambia wewe usitoke, hata kliniki, mpaka mimi nijue. Niliogopa maneno ya watu, basi. Naye akalishika neno langu kama amana. Kisha nilipokuja msibani, mjomba wako akamwambia mbele ya watu kuwa yeye ndiye aliyemchelewesha mjukuu wake. Mama alinitazama. Nikainamisha kichwa, nikawa nachezea ukindu wa mkeka, mwanamume mzima na ndevu zangu. Hajanitaja mpaka leo, nawe unamnunia bure.

Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ningenyamaza tena, najijua. Tafadhali mpe mjomba aisome barua hii kwa sauti, mama akiwa amekaa hapo hapo. Asiruke mstari.

Mwambie mama shikamoo yangu, na radhi nitakuja kumwomba kwa magoti. Msalimie mjomba, hata kama hatanijibu. Msalimie wifi yako aliyekushika mkono siku ile nisipokuwepo. Salma mwambie baba yake anamkumbuka.

Na wewe, kama bado hujaenda Lindi, nenda kesho. Siku nyingine usiniulize. Nenda, ukirudi ndiyo unipe habari. Lile neno nililomwachia mama nimelifuta, na aliyekosea kulisema ni mimi.

Mumeo,
Baba Salma