Shosho wa Miaka Kumi na Sita

Alhamisi. Mvua imenyesha hapa Kitale tangu saa nane, viatu vyangu vimeanikwa kando ya jiko, na hii ni chai ya pili.

Niandike tu kabla sijajipa sababu za kunyamaza.

Leo nilikaribia kumdunga shosho wa watu, nyanya mwenye wajukuu, dawa ambayo ingemfungia pumzi. Sababu ni kwamba mimi ni mjuaji.

Wanaopita kwenye ukurasa huu wananijua. Mimi ni nesi, kwetu ni Kamukuywa, kazi ni hapa Kitale. Tangu zahanati yetu iache vitabu na kuingia kwenye kompyuta, mimi ndiye huitwa kitu kikikwama. Wenzangu wote nimewafundisha mimi. Napenda sifa, sikatai. Jioni hubaki nikisafisha rekodi, kila neno mahali pake, mpaka skrini inapendeza.

Aliyekuwa akinikera ni Sista Njeri. Amebakisha mwaka mmoja astaafu. Anaandika kwa kidole kimoja, na kabla kidole hicho hakijagusa kitu, ameshamuuliza mgonjwa ameitwa kwa nani, yaani amerithi jina la nani, ameolewa wapi, na ati ng'ombe yule alizaa? Foleni inafika langoni. Wiki iliyopita nilimwendea mkubwa wetu nikamwambia, kwa heshima zote, Sista atolewe mapokezi apelekwe chumba cha kufunga vidonda. Akapelekwa. Aliniachia kiti chake pamoja na mto wake wa kufuma.

Leo asubuhi akaja shosho kutoka Kiminini, mguu umevimba, alijikata na jembe. Tabitha Nyokabi. Nikaandika jina, likatokea. Nikamuuliza namba ya simu, ni ile ile iliyo kwenye skrini. Nikafungua faili, hata dakika haikuisha, nikajisikia raha. Daktari akatazama mahali pa aleji, hakuna kitu. Akamuuliza kama kuna dawa inayomkataa. Shosho akasema yeye hana mambo mengi, dawa ni dawa. Akaandikiwa sindano ya penisilini.

Nikaingia chumba cha vidonda, sindano mkononi. Sista Njeri alikuwa ameinama akiosha ule mguu, na kama kawaida yake, anapiga stori.

"Na yule msichana aliyeitwa kwako, anaendelea aje na shule?"

"Nyokabi? Ako kidato cha pili. Amenipita urefu."

Sista akainua kichwa. Akaitazama sindano, kisha akanitazama mimi. "Nasimiyu, umefungua faili ya nani?"

"Si ni yake huyu? Jina ni hilo, simu ni hiyo."

"Na umri?"

Umri sikuwa nimeangalia. Nilirudi kwenye skrini mbio, na ulikuwa pale juu, wazi kabisa. Miaka kumi na sita.

Ilikuwa faili ya mjukuu. Kwa kina Sista Njeri, ambao ni kabila moja na shosho, mtoto hupewa jina la nyanya yake, lote kama lilivyo, na nyumba hiyo nzima inatumia simu moja, ya baba. Sista hakuhitaji kuambiwa.

Faili ya shosho mwenyewe ilikuwa mstari mmoja chini kwenye orodha ya majina. Pale kwa aleji kulikuwa na maandishi mekundu: penisilini ilimvimbisha uso, akakosa pumzi. Aliyeandika ni Sista Njeri. Na siku hiyo naikumbuka! Nilisimama mlangoni nikisonya wakati kile kidole kikitafuta herufi.

Dawa ikabadilishwa. Nilimwambia shosho ukweli nikiwa nimepiga magoti, nikiufunga mguu wake. Nilitegemea anitukane. Alicheka mpaka kitanda kikalia. "Kumbe kwa kompyuta niko na miaka kumi na sita! Na haya magoti?" Kisha akanishika mkono, akaniambia nisilie.

Nililia.

Hayo yote nimeshamwandikia mkubwa wetu. Yanayofuata niliyajua baadaye.

Saa kumi, wagonjwa walipoisha, nilifungua faili ya msichana nione kwa nini haikuwa na onyo kwamba wako wawili. Kompyuta yetu hutunza kila kilichobadilishwa, na jina la aliyebadilisha. Mahali pa makazi Sista Njeri alikuwa ameandika: "Kiminini. Ameitwa kwa shosho yake, simu ni moja, msiwachanganye." Ikafutwa. Akaandika tena. Ikafutwa tena.

Mfutaji ni mimi.

Nilikuwa nasafisha. Makazi ni Kiminini, basi, hayo mengine niliyaona takataka. Nimefuta mangapi ya namna hiyo, sijui.

Nilimkuta Sista akivaa koti la mvua, nikamwambia yote, hata lile la kiti, kwamba ni mimi niliyeomba atolewe mapokezi. Akasema, "Mimi nilidhani mashine inayala yale maneno. Kwa hivyo kila wakirudi, nilikuwa naandika tena."

Kwa kidole kimoja, jamani.

Akavua koti. Akakaa kwenye kiti chake, juu ya mto wake, mimi nikavuta stuli. Yeye anataja familia kutoka kichwani, za Kiminini, za Kipsongo, mimi naandika, na safari hii naandika mahali pa onyo, panapoonekana kwanza. Tumerudisha maonyo kumi na nne. Kesho tunaendelea, na kwa mkubwa wetu nitaenda mwenyewe kuomba Sista arudi mapokezi.

Namshukuru Mungu kwa mdomo wa Sista Njeri na kwa kidole chake. Nashukuru shosho amerudi kwake akicheka. Hata kompyuta naishukuru, maana haikunificha kitu. Ni mimi sikusoma.

Kesho pia mama yangu anaenda kliniki ya presha kule Bungoma. Namba ya simu iliyo kwenye faili yake ni yangu, na ndiyo iliyo kwenye faili ya dadangu mdogo. Nimempigia mama sasa hivi nimkumbushe aamke mapema. Akaanza kulalamika, ati huko kuna nesi mmoja mzee, maswali hayaishi, mpaka foleni yake haisongi, afadhali apange foleni kwa yule kijana mwenye haraka.

Nikamwambia, mama, tafadhali, panga kwa huyo mzee.