Kaka Aliyeitikia Mayowe ya Askari

Mpendwa kaka,

Jana kulikuwa na baraza la chifu hapa Giakanja, na nimerudi na hasira ambayo hata chai ya mama haijaituliza. Ungekuwepo ungenicheka. Ungesema, "Wewe mnene, hasira ni ya watu wembamba."

Chifu alisema mwananchi akikataa kumsaidia askari aliyezidiwa, huyo ana kosa. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka siku ile ya soko.

Shule zilikuwa zimefungwa, nawe mwalimu uko nyumbani unakata ua. Mayowe yakatoka upande wa soko. Kwetu hakuna anayeuliza ni nani analia. Unakimbia na kilicho mkononi, maana kukiweka chini ni kuchelewa. Ukakimbia na panga. Mimi nikafuata kwa mbio zangu unazozijua, zile ambazo kuku huzipisha bila haraka. Nilipofika, mwizi wa ng'ombe alikuwa amemkalia konstebo kifuani, anamkaba koo. Ulimpiga mkononi kwa bapa la panga, mara moja tu. Mkono ukavunjika, askari akapumua.

"Asante mwalimu," alisema akikohoa. "Leo bibi yangu angekuwa mjane."

Shukrani hiyo haikufika kortini Nyeri. Mwizi alifungwa, sawa, lakini wewe nawe ukashtakiwa kwa kumvunja mkono.

"Panga ulikuwa nalo la nini?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Nilikuwa nakata ua, bwana."

"Ua wa sokoni?"

"Wa nyumbani."

"Kwa hivyo ulitoka nyumbani na silaha."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alisema sheria inamkinga askari akiwa kazini, na wewe hukuwa askari, akakufunga. Na konstebo wako je? Ati alikuwa chini, macho yamejaa matope, hakuona vizuri. Kaka, yule mtu alikuwa anapumua kwa sababu yako! Tulipopata Uhuru tuliambiwa polisi sasa ni ndugu zetu. Ndugu gani huyo anakuita ukiwa mzima na kukusahau ukiwa kizimbani?

Ulipotoka jela, shule haikumtaka mwalimu aliyefungwa. Ukaenda Naro Moru kuwabebea wageni mizigo ya kupanda mlima, na kifua kikakumaliza huko huko. Tangu hapo mama hataji jina lako mbele ya watu, wasije wakauliza ulifungwa kwa nini.

Basi jana nikasimama. "Chifu, anayekataa ana kosa. Na anayesaidia, akishtakiwa, nani atasimama naye?"

"Hayo ni ya korti, mzee. Keti."

"Korti tumeenda. Iandikwe kwenye sheria kwamba aliyemwokoa askari atakingwa kama askari. Na jina la kaka yangu lisafishwe."

"Nimesema keti!"

Mama, aliyeketi kando yangu, akanivuta shati. Nikadhani ananikalisha. Kumbe alikuwa anatafuta pa kujishikilia, na magoti yale yake. Akasimama, akataja jina lako lote, la ubatizo na la baba, mbele ya chifu na baraza zima.

"Huyo ni mtoto wangu," akasema. "Alifungwa kwa kumwokoa askari wenu. Sasa niambieni kosa lake."



Pumzika, kaka. Sisi huku hatujakaa chini.

Mdogo wako