Usibahatishe Hata Kimoja

8 Januari

Binti yangu,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila mgongo, nao umeshazoea kulalamika. Natumaini wewe na shangazi yako ni wazima, mnakula na mnasali. Nimeona nikuandikie kwa sababu simu ya shangazi yako haina siri. Kila nikikuambia neno, yeye ndiye anayenijibu kwa nyuma.

Leo nina hasira, nakuambia mapema.

Mwalimu wako wa jioni, huyo anayewaandaa kwa mtihani wa vyuo vya nje, alinipigia nikiwa kazini, nimesimama mbele ya mashine, mikono imejaa mashuka ya wodini. Nilidhani umeugua. Kumbe! "Mama, binti yako ana akili sana, lakini ni mbishi. Swali asilolijua analiacha wazi. Mwambie abahatishe." Nikamwambia arudie, labda mashine inanipotezea maneno. Akarudia bila haya: majibu yapo manne, achague lolote, atie weusi kiduara, asonge mbele.

Mtu mzima, mwalimu, ananipigia simu nimfundishe mtoto wangu kamari!

Unajua kamari ilitufanya nini. Ulikuwa mdogo lakini hukuwa kipofu. Baba yako hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa anabahatisha tu. Leo mechi, kesho namba, mpaka siku nikarudi kutoka kazini nikakuta cherehani yangu haipo, na yeye amekaa palepale ilipokuwa, ananiambia safari hii amekosa kidogo tu. Siku ile niliapa mbele ya Mungu kwamba nyumba hii haitabahatisha tena.

Basi sikiliza. Unachokijua, jibu. Usichokijua, kiache kilivyo, Mungu anakiona. Ukibahatisha hata kimoja, usitegemee radhi yangu siku ya kuondoka. Nimemaliza.

Mama yako

17 Januari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, shangazi mzima. Barua yako nimeisomea chooni, maana ndipo mahali pekee ambapo shangazi haniulizi, "Anasemaje?"

Mama, nami nina hasira, unisamehe. Mtihani huu si kama ule wa shule. Ukikosa hawakukati kitu. Ukiacha wazi hupati kitu. Anayejaza anaweza kupata, anayeacha hawezi. Hao hao wanaoutunga ndio wanaosema tujaze. Hakuna anayeibiwa. Cherehani ya nani itapotea nikitia weusi kiduara?

Na si kwamba sijui. Ni muda. Wanakupa habari ndefu ya vipepeo, hujajua hata wanakula nini, wanasema bado dakika moja. Hapo wenzangu wanashuka na penseli, pa pa pa pa, mpaka chini. Mimi nimekaa mikono mapajani, nawatazama. Msichana wa dawati la mbele ananiita Mtakatifu. "Mtakatifu, leo umewaachia malaika maswali mangapi?" Darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu naye anajifanya anakohoa.

Unajua nataka kusomea uhandisi wa maji. Chuo kile kitanisomesha bure mwanzo mpaka mwisho, lakini kinachukua mwenye alama zao, si mwenye roho safi. Mtihani ni mwezi wa tatu. Niruhusu, Mama.

Mwanao

24 Januari

Binti yangu,

Hujambo? Mimi nipo.

"Hakuna anayeibiwa." Unajua nimeyasikia wapi maneno hayo? Baba yako alikuwa anayasema hivyo hivyo, tena kwa sauti ya upole kama yako. Niliposoma hapo niliweka barua mezani nikatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Na hiyo ya alama na roho safi, sijui umeitoa wapi, ila kwangu hukuitoa.

Kama tatizo ni muda, soma upesi. Mimi mashuka ya wodini hayanisubiri, napiga pasi upesi, na sitii kwenye kabati shuka ambalo sijalinyoosha. Nimesema hapana. Radhi ni yangu, si ya shangazi yako wala ya mwalimu.

Nakuombea kila alfajiri. Hasira haijanizuia hilo.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sote wazima.

Matokeo yametoka. Nimekosa alama wanazotaka, kwa chache mno, kiasi kwamba mwalimu alipoziona alitoka akasimama kwenye korido kwanza ndipo akarudi kuniambia.

Nilijibu nilivyovijua. Vingine niliviacha wazi. Kuna swali moja nilikuwa nimeshayatupa majibu mawili, yakabaki mawili, najua ni hili au lile. Nikaweka penseli chini. Si kwa ajili ya Mungu, Mama. Kwa ajili yako.

Yule aliyekuwa akiniita Mtakatifu amepita. Alinikumbatia akilia, anasema, "Ungejaza tu, ungejaza tu, mpumbavu we." Nilitamani kumsukuma, nikashindwa, maana alikuwa analia kweli.

Naruhusiwa kurudia mwezi wa tano. Chuo kitanisubiri mpaka hapo tu. Sikuombi ruhusa tena. Na tafadhali usinijibu upesi.

Mwanao

11 Aprili

Binti,

Nisikujibu upesi! Kana kwamba mimi ni mwenzio tuliyegombana bombani!

Nimelia, sikufichi, halafu nikakasirika kwamba nimelia. Pole kwa matokeo. Pole ya kweli. Lakini neno langu ni lile lile. Ukitaka kurudia, rudia, ila usiniletee nyumbani kitu kilichopatikana kwa kubahatisha ukanitaka nikibariki.

Niandikie umeamua nini.

Mama yako

25 Aprili

Hata salamu? Shangazi yako ananiambia kwenye simu, "Anasoma." Najua anasoma. Sikuuliza kama anasoma.

Mama

4 Agosti

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Sisi wazima.

Nimepita. Matokeo yalitoka mwezi wa sita na nimekaa nayo mpaka leo. Nilimwapisha shangazi asikuambie. Unaweza kufikiri mwenyewe alivyoteseka.

Ningeweza kukuambia kwamba safari hii nilisoma upesi, na usingejua kamwe. Lakini umenilea nisiseme uongo. Nilibahatisha. Vya mwisho vyote nilivitia weusi bila hata kusoma maswali. Sijuti. Nilikuwa na hasira nawe kiasi kwamba nilibonyeza penseli mpaka ikavunjika ncha.

Naondoka mwisho wa mwezi huu. Begi liko wazi katikati ya chumba, nguo zimo, na kila siku nalipita. Shangazi anasema, "Funga uende, radhi ni mambo ya wazee." Mimi siwezi, Mama. Ninyime au nipe, lakini usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi.

Mwanao

10 Agosti

Kitinda mimba wangu,

Hujambo, na mwambie shangazi yako nitaongea naye siku nyingine, kwa muda mrefu. Nimekasirika. Tusipoteze karatasi kwa hilo.

Barua yako niliisomea kazini. Yule mwenzangu wa meza ya pili ya pasi, tunayemwita Redio, aliuona uso wangu akanitoa habari yote. Nilitegemea anionee huruma. Akaweka pasi pembeni, akaniuliza, "Shoga, ulipoolewa na yule bwana, jibu ulikuwa unalijua?"

Wenzangu wote wakageuka kututazama. Nikasema sikulijua.

"Basi ulitia weusi ukasonga mbele."

"Ndiyo," nikamwambia, "na nilikosa!"

"Na huyo mtoto anayekwenda kusomea maji, ulimpata kwenye jibu gani?"

Nikamrushia shuka bichi usoni. Walicheka mpaka msimamizi akaja kuona kumetokea nini. Sijamsemesha tangu siku hiyo. Kusema kweli ni ruhusa, lakini kucheka vile!

Nikasali. Mwanangu, nimesali juu ya jambo hili kuliko nilivyosali juu ya cherehani, juu ya baba yako, juu ya kitu chochote. Nilitaka Mungu aniambie, mpe, au aniambie, mnyime. Nikangoja. Hakuniambia kitu. Siku zinakwisha, na wewe begi liko wazi.

Kwa hiyo naandika bila kuambiwa. Radhi yangu unayo, yote, sikukata kipande. Hasira bado ninayo, na hiyo sikupi, nabaki nayo hapa mpaka iishe yenyewe. Sijui kama nimejibu sawa.

Funga begi.

Mama yako