Kazi ya Watu Wawili

Kisangani, 3 Aprili 2024

Mwanangu Ursule,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, goti tu linalalamika. Wewe na kazi ya huko Entebe, hamjambo?

Vitambaa vya fibre na gundi ya rezini ulivyotuma vimefika na dereva Mahmoudi. Tangu mama yako atutoke, pirogue yetu, mtumbwi ule mzito wa mti, imenishinda kuisukuma. Kayaki hii nyepesi ninayoitengeneza nitaiweza, nitege vikapu vyangu vya samaki. Sehemu ya chini imetoka vizuri, kifuniko pia. Huku kwenye maporomoko wananicheka: «Papa Nephtali iko natengeneza beseni.» Bon, wacheke. Niambie tu nitaviunganishaje.

Papa yako

Entebe, 20 Aprili

Papa yangu,

Mimi salama, nashinda karakanani nikiziba boti za watalii. Goti likandwe kwa maji ya moto, usilidharau.

Kifuniko kifunge juu kwa mipira ya baiskeli. Laza kayaki ubavu, ingiza kichwa kwenye tundu la kukalia, bandika utepe wa fibre kwenye kiungo, upake rezini. Mkono usipofika nchani, funga brashi kwenye fimbo. Ubavu mmoja leo, wa pili kesho. Lakini ni kazi ya watu wawili: mmoja ndani, mmoja ashike taa. Usiifanye peke yako, Papa.

Mwanao

Kisangani, 5 Mei

Ursule mwanangu,

Goti nafuu. Watu wawili, nimeelewa. Nakungoja.

Papa

Entebe, 18 Julai

Papa,

Habari za siku nyingi? Nisamehe kimya. Bosi amekataa kunipa ruhusa. Labda Agosti.

Mwanao

Kisangani, 29 Septemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Agosti imepita. Sehemu ya chini, kwa kukaa wazi, ilianza kupanuka, kifuniko kikakataa kuenea. Nimeibana kwa mipira, nikaiunganisha mwenyewe. Taa niliishika kwa meno. Nikiwa mle ndani nikaitoa, nikasema, «Ursule, leta taa karibu,» kisha nikaiuma tena. Nyumba imekuwa kubwa, mwanangu. Umenitumia kila kitu isipokuwa wewe.

Papa yako

Entebe, 21 Oktoba

Papa yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako nimeisoma huku nikilia.

Kazi ile hapa naifanya peke yangu kila wiki. Niliandika watu wawili ili umwite jirani, hata Papa Osée, upate mtu wa kuongea naye. Sikuwa na nia ya kuja. Nilipoona unaningoja, nikakosa moyo wa kukuambia. Nina mume huku sasa, Papa, na maisha yangu yako huku.

Ursule

Kisangani, 12 Novemba

Mwanangu,

Msalimie mkwe wangu. Kayaki haivuji.

Osée alikuja mara tatu kuuliza kama anisaidie. Kila mara nilimrudisha. Nilimwambia, «Aksanti, mutu yangu iko njiani.»

Papa yako