Nilivyocheza Mbele ya Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti
Nimetoka zamu ya usiku kiwandani Zegereni, nimeoga, nataka kulala. Zuhura kanizuia mlangoni. Mama yake, kule Kisarawe, bado hanyanyuki kitini. Mguu wa kulia ulivunjika mwezi wa nne, mfupa umeshaunga, daktari anataka afanye mazoezi. Mama hataki. Anasema mazoezi ni ya wanajeshi. Akiendelea hivyo goti litakakamaa moja kwa moja. Mke wangu analia. Usingizi umeruka.

Jumapili, 3 Agosti
Nimepata wazo. Mkeka wangu wa gemu! Niliununua ujanani, na mashine yake. Mishale inapita kwenye TV kwa muziki, wewe unakanyaga mshale kama huo mkekani. Wenzangu walinicheka. Gemu gani la kutoa jasho? Leo hao hao wanavaa saa za kuwahesabia hatua. Niliwahi mno, basi. Nimeuchimbua chini ya kitanda. Panya wamekula kona moja. Unafanya kazi.

Jumamosi, 9 Agosti
Kisarawe. Sitaki hata kukumbuka.
Mama kaukodolea macho mkeka. "Kwanza mwenyewe aoneshe."
Mwenyewe ni mimi. Mbele ya mama mkwe! Miaka kumi na tisa ya ndoa, sijawahi hata kumenya ndizi mbele yake. Nikavua viatu. Kiuno nilikibana, muziki ukakifungua. Suruali ikachanika nyuma. Mama akajifunika uso kwa kanga. Nikadhani nimemliza.
Alikuwa anacheka. Zuhura anasema hajacheka tangu aanguke.
Mkeka na mashine nimemwachia, nimerudi nyumbani Kibaha na shuka kiunoni. Aibu tupu.

Jumatano, 13 Agosti
Mama kapiga simu. Anashika kiti, anakanyaga mshale mmoja mmoja. Akikosea, gemu linamzomea. Kalitukana kwa Kizaramo, kaanza upya.

Jumamosi, 16 Agosti
Kisarawe tena. Mama kanizidi alama. Nimerudia mara tano, sijamfikia. Jirani yake, Bi Mwanahawa, ameomba naye acheze. Mama kamjibu, "Vunjika kwanza."
Nina wivu na mama mkwe. Nakiri hapa tu.

Jumamosi, 23 Agosti
Mashine imekufa. Imetoa moshi katikati ya wimbo, mama kanyanyua mguu wa kushoto. Muziki ukakatika. Yeye kabaki amesimama kwa ule wa kulia, peke yake, hajashika kitu. Zuhura kaziba mdomo kwa mkono. Mimi sikuthubutu kupumua.
Akaushusha taratibu. "Sasa nani kashinda?"
"Wewe, mama."
Fundi kasema vipuri vyake havipo tena duniani.

Jumapili, 24 Agosti
Zuhura amebaki kwa mama siku mbili. Mimi kesho kazini. Nilipoaga, mama alinyanyuka. Nikamwambia, "Kaa tu, mama." Akanisindikiza mpaka barabarani, bila fimbo. Tulitembea polepole. Pale akasema, "Haya, baba, fika salama."
Niligeuka mara moja. Alikuwa anarudi nyumbani kwa miguu yake.